Ardhi Ikitikisika Kulesa, Nyumba Gani Itasimama?

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika chache, watu katika miji mingi ya pwani ya Afrika Mashariki walihisi sakafu ikisogea chini ya miguu yao. Tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilikuwa limetokea chini ya Bahari Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Dar es Salaam na Zanzibar watu walikimbilia nje. Mombasa lilihisiwa, na hata Nairobi wapo waliolihisi. Kulesa iko zaidi ya kilomita 500 kaskazini mwa kitovu hicho, lakini tukio lile lilikumbusha jambo moja: pwani nayo hutikisika, si Bonde la Ufa peke yake.

Wakazi wa Tana River wasitiwe hofu bure. Kaunti hii haiko katika eneo la Kenya linalotikisika mara nyingi. Tetemeko kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini lilipiga Subukia tarehe 6 Januari 1928, likiwa na ukubwa wa 6.9, na kupasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Huko ni Bonde la Ufa. Tangu mwaka 1973 Kenya imekuwa na mwongozo wa kusanifu majengo kwa kuzingatia matetemeko, na mwongozo huo uliigawa nchi katika kanda kulingana na nguvu ya mtikisiko unaotarajiwa.

Kwa nini basi somo hili liletwe Kulesa? Sababu ya kwanza ni kwamba watu wanajenga upya. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliangusha nyumba nyingi kandokando ya Mto Tana, na wengi walioweza wameamua kuachana na miti na udongo, wajenge kwa matofali au mawe. Sababu ya pili ni udongo wenyewe, ambao utazungumziwa baadaye. Na ya tatu ni kwamba mambo yanayoifanya nyumba istahimili tetemeko ndiyo hayo hayo yanayoizuia kupasuka msingi unapotitia au upepo mkali unapovuta mabati.

Kinachoua ni ukuta

Tetemeko lenyewe kwa kawaida haliui mtu aliye shambani. Anayekufa ni yule aliyeangukiwa na ukuta au paa. Mwaka 2010 ulitoa mfano ambao wahandisi duniani kote bado wanaufundisha. Januari, tetemeko la 7.0 liliipiga Haiti na kuua zaidi ya watu 100,000. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Februari, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, lililotoa nishati takriban mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa Chile walikuwa takriban 500. Haiti ilikuwa na bahati mbaya pia, kwa kuwa kitovu kilikuwa karibu sana na mji mkuu wenye watu wengi, lakini tofauti kubwa ilikuwa kwenye majengo. Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zinazofuatwa na kukaguliwa.

Karibu zaidi na nyumbani, tarehe 10 Septemba 2016, mkoa wa Kagera nchini Tanzania ulipigwa na tetemeko la 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki na zaidi ya 250 wakajeruhiwa. Kwa vipimo vya dunia hilo si tetemeko kubwa. Bukoba na vijiji vyake, hata hivyo, kulikuwa na nyumba nyingi za matofali yaliyounganishwa kwa udongo au kwa saruji kidogo, bila kitu chochote cha kuzifunga kuta pamoja. Shule nazo ziliathirika. Shule ya Sekondari ya Ihungo ilibomoka kiasi cha kulazimika kujengwa upya.

Ili kuelewa kilichotokea, mfikirie mama aliyesimama ndani ya matatu akiwa na ndoo ya maji kichwani. Dereva akikanyaga breki ghafla, miguu inasimama pamoja na gari, lakini ndoo inataka kuendelea na safari. Ndoo ikijaa, mama anayumba zaidi. Nyumba ni vivyo hivyo. Ardhi inapovutwa upande mmoja, msingi unaifuata. Paa na sehemu ya juu ya kuta zinabaki nyuma, kisha zinavutwa kwa nguvu, kisha zinarudishwa. Kadiri sehemu ya juu inavyokuwa nzito ndivyo nguvu hiyo inavyozidi. Nyumba ya kawaida imejengwa kubeba uzito wa kutoka juu kwenda chini. Tetemeko linaisukuma kwa ubavu, na ubavu ndipo nyumba nyingi zilipo dhaifu.

Nyumba ya zamani ilijua jambo

Nyumba ya miti na udongo, kama ilivyozoeleka katika vijiji vya Garsen, husemwa vibaya siku hizi. Ni haki isemwe vibaya inapofika mafuriko, kwa sababu maji huyeyusha udongo na kuacha mifupa. Ila itazamwe tena kwa jicho la mhandisi wa matetemeko. Nguzo zimechimbiwa ardhini. Fito zimefungwa kwenye nguzo, pande zote mbili, safu kwa safu. Boriti ya juu imefungwa kwenye nguzo, na kombamoyo zimefungwa kwenye boriti. Paa la makuti au nyasi ni jepesi. Nyumba nzima ni kama kikapu: ukikisukuma kikapu kinapinda, kisha kinarudi. Udongo unaweza kupukutika, lakini mtu aliye ndani haangukiwi na tani mbili za mawe.

Hili si sifa za kujipendekeza kwa wazee. Nchini Colombia kuna nyumba za namna hiyo, za mianzi na udongo, ziitwazo bahareque. Tetemeko lilipopiga mji wa Armenia Januari 1999, nyumba nyingi za bahareque zilizokuwa zimetunzwa vizuri zilisimama, huku majengo mengi ya matofali na zege yaliyojengwa vibaya yakianguka. Baadaye nchi hiyo iliingiza ujenzi huo katika kanuni zake rasmi, mianzi ikipigwa lipu ya saruji badala ya udongo mtupu.

Neno la kuzingatia ni “zilizotunzwa”. Nguzo iliyoliwa na mchwa au iliyooza pale inapoingia ardhini haishiki chochote, na nyumba kama hiyo ni hatari hata bila tetemeko. Kuvu na mchwa ndio adui wakubwa wa nyumba za miti katika bonde la mto, na fundi mzuri huzikagua nguzo zake kwa kuchokonoa chini kwa kisu kila mwaka.

Tatizo linalojitokeza sasa ni la katikati. Mtu anaacha nyumba nyepesi iliyofungwa, anahamia nyumba nzito isiyofungwa. Ukuta wa matofali unapanda, linta zinawekwa juu ya milango na madirisha tu, mbao za paa zinalazwa juu ya tofali la mwisho na kushikiliwa kwa msumari au waya mmoja. Kwa macho nyumba hiyo ni ya kisasa. Kwa tetemeko, ni kuta nne zisizojuana.

Kuzifunga kuta

Mtoto wa shule anaweza kulifanya jaribio hili. Achukue katoni isiyo na kifuniko, asukume upande mmoja kwa kidole: ukingo wa juu unapinda bila shida. Sasa aifunge kamba kuzunguka ukingo wote wa juu, au airudishie kifuniko, kisha asukume tena. Katoni ni ile ile, lakini sasa pande zote nne zinasaidiana.

Kamba hiyo kwenye nyumba ni mkanda wa zege unaozunguka kuta zote bila kukatika, juu ya milango na madirisha. Nchi nyingi zenye matetemeko hutaka mkanda huo kwenye nyumba yoyote ya matofali. Ndani yake hupita nondo, kwa kawaida za milimita 10 au 12, zikizungushwa kwenye kona kwa kupinda na kulaliana, si kukatwa konani. Fundi anayekatisha mkanda pale kona inapoanza ameharibu saruji yote aliyoitumia, maana kona ndipo ukuta unapojaribu kuachana na mwenzake.

Chini, msingi nao uzunguke nyumba yote na ufungwe hivyo hivyo. Kati ya msingi na mkanda wa juu, nondo za kusimama zipandishwe kwenye kona na makutano ya kuta, ndani ya nguzo ndogo za zege. Juu, mtambaapanya wa mbao, ile boriti inayolala juu ya ukuta na kupokea kenchi, ufungwe kwa vyuma vilivyozikwa ndani ya mkanda kabla zege halijakauka. Hapo ndipo nyumba ya matofali inapoanza kufanana tena na kikapu.

Milango na madirisha ni matundu katika ukuta, na kila tundu ni udhaifu. Kwa nyumba za matofali ya udongo usiochomwa, miongozo ya kimataifa inashauri tundu lisizidi mita 1.2 kwa upana, na liwe mbali na kona kwa angalau mita 1.2. Ukuta mrefu usio na ukuta wa kukatiza ndani huanguka kwa urahisi. Kwa matofali hayo ya udongo, urefu kati ya kuta mbili za kukatiza usizidi mara kumi ya unene wa ukuta, na kimo kisizidi mara nane. Ukuta wa unene wa sentimita 30 kwa hiyo haufai kwenda zaidi ya mita tatu bila kushikwa. Sebule kubwa inapendeza, lakini ina gharama yake.

Kwa majengo ya zege kama madarasa na zahanati, somo ni tofauti kidogo. Chaki ikipindwa inavunjika ghafla. Waya ukipindwa unanyooka, unapinda tena, unatoa onyo kabla haujakatika. Zege ni chaki, nondo ni waya. Mhandisi wa matetemeko hataki jengo lisiloguswa kabisa, kwa sababu gharama yake haifikiki. Anataka jengo linaloweza kupinda na kupasuka bila kuanguka, ili watu watoke. Kwa hiyo nguzo hufanywa imara kuliko bimu: bimu ikichoka sakafu inalegea, lakini nguzo ikichoka jengo lote linashuka.

Siri kubwa ya nguzo iko kwenye ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozunguka nondo kuu. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzishikilia nondo zisihame wakati wa kumwaga zege. Kumbe wakati wa mtikisiko ndizo zinazozuia zege lisitawanyike na nondo zisipinde kwenda nje. Ringi zikaribiane zaidi karibu na kichwa na mguu wa nguzo, na ncha zake zipindwe kuingia ndani ya zege kama ndoana. Ncha iliyopindwa pembe mraba tu hufunguka. Hili ni jambo la dakika moja kwa kila ringi, na ni rahisi kulikagua kabla ya kumwaga zege. Baada ya kumwaga, hakuna mtu atakayeliona tena.

Udongo wa mto

Mwaka 1985 tetemeko la ukubwa wa 8 lilitokea pwani ya Mexico. Jiji la Mexico liko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, na bado maelfu ya watu walikufa humo. Sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya ziwa la kale lililokauka, penye tope laini lenye kina kirefu. Mawimbi yalipofika, tope lile liliyakuza, likayumba polepole kama uji kwenye sufuria iliyogongwa, na majengo ya ghorofa kadhaa yaliyokuwa na mwendo kama huo wa kuyumba yakavutwa hadi yakaanguka.

Kulesa nayo iko juu ya udongo ulioletwa na mto. Nyumba fupi hazisumbuliwi sana na myumbo wa polepole wa aina ile. Vitu virefu ndivyo vya kuangaliwa: minara ya matangi ya maji, minara ya misikiti na makanisa, milingoti ya simu. Tangi lililojaa juu ya nguzo ndefu ni yule mama wa matatu na ndoo yake.

Pia kuna mchanga uliojaa maji. Katika mji wa Niigata, Japani, Juni 1964, majengo ya ghorofa yaliegemea ubavu karibu mazima, kwa sababu mchanga uliokuwa chini yake uligeuka kama majimaji. Jaribio lake ni la ndoo. Jaza mchanga, mimina maji mpaka yakaribie kufika juu, simamisha tofali katikati, kisha gonga ndoo kwa kiganja mara kwa mara. Tofali litaanza kuzama na kuinama. Punje za mchanga zilizokuwa zimeegemeana zimeachana, na kwa muda mfupi maji ndiyo yanayobeba uzito.

Mtikisiko wenye nguvu ya kufanya hivyo si wa kutarajiwa Kulesa kila kizazi. Hata hivyo mpango wa nyumba unaweza kuuzingatia bila gharama: isijengwe kwenye mkondo wa zamani wa mto uliojazwa mchanga, wala kwenye kifusi kilichomwagwa mwaka jana. Shimo la majaribio la mita mbili linaonyesha mengi. Chini ya udongo wa juu kuna mfinyanzi, mchanga, au maji? Maji yakionekana kwenye mita moja, mhandisi aulizwe kabla ya tofali la kwanza kununuliwa. Wakazi wa kando ya mto wanajua mikondo ya zamani ilikopita kuliko ramani yoyote, na wazee wa kijiji waulizwe hilo pia.

Jinsi ya kupima

Nchi tajiri hupima nyumba kwa kuitikisa. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995 lililoua zaidi ya watu 6,000, Japani ilijenga huko Miki, karibu na Kobe, meza ya kutikisa yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, inayoweza kubeba jengo la tani 1,200. Ilianza kazi 2005. Jengo zima hujengwa juu ya meza, hufungwa vipima mwendo, kisha hutikiswa kwa kurudia mwendo halisi wa tetemeko lililowahi kutokea. Nchini Peru, chuo kikuu cha Kikatoliki cha Lima kilifanya hivyo kwa nyumba za matofali ya udongo. Nyumba iliyoachwa tupu iliporomoka. Iliyofunikwa kuta zake kwa wavu wa plastiki, pande zote mbili, na nyavu hizo kuunganishwa kwa kamba zilizopenyezwa ukutani, ilipasuka lakini vipande vilibaki pamoja.

Vipimo vya kijijini ni vya mikono. Anayetengeneza matofali ya udongo afinyange vidonge vitano au sita vya udongo huo, vya upana wa sentimita mbili hivi, aviache vikauke siku mbili. Kisha avibonyeze kimoja kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Visipovunjika, udongo una mfinyanzi wa kutosha. Vikimumunyika, utafutwe udongo mwingine. Tofali likipasuka sana linapokauka, mfinyanzi umezidi na mchanga wa chengachenga au nyasi zilizokatwa ziongezwe.

Kwa zege la jengo la umma, vipande vya mraba vya sentimita 15 humwagwa kutoka kwenye mchanganyiko ule ule unaoingia kwenye nguzo, huhifadhiwa majini, kisha huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na baada ya siku 28. Kamati ya shule ina haki ya kuomba kuona matokeo hayo. Kuuliza si kumdharau mkandarasi. Jengo la ghorofa sita lililoanguka Huruma, Nairobi, Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 halikutikiswa na tetemeko lolote. Lilianguka usiku wa mvua.

Kisheria, ramani ya jengo hupitishwa na serikali ya kaunti kabla ujenzi haujaanza, chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, na mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968.

Ipo hali ambayo kila fundi wa Kulesa anaijua: pesa zinaisha ukuta ukiwa umefika usawa wa madirisha. Mwenye nyumba akilazimika kupunguza, apunguze ukubwa wa nyumba, aache chumba kimoja cha baadaye, au aezeke bila dari. Lipu na rangi zinaweza kungoja msimu mwingine wa maembe. Mkanda wa zege hauwezi kungoja, kwa sababu paa likishawekwa, kuuongeza ni kufunua mabati yote, kung'oa kenchi na kuanza tena kutoka juu ya milango.